Siku Mama Komba Alipokuteka

Somoe mwanangu,

Ya safari amekwisha kukuambia shangazi yako, tena kwa kurudia: usinywe maji ya melini kabla hujauliza yametoka wapi, usimwonyeshe mtu ulipofunga nauli, ukifika chuoni umtafute kwanza mtu wa kwetu. Mimi sina la kuongeza hapo. Hata salamu siandiki, kwa sababu uko chumba cha pili na nakusikia ukiimba kwa sauti ya chini huku ukikunja kanga. Karatasi hizi nitazitia chini kabisa ya sanduku. Utazikuta meli ikiwa imekwisha kupita Kiswere, mahali ambapo huwezi kugeuka urudi kubishana nami. Nimekusudia hivyo. Unanijua nilivyo, napenda neno la mwisho liwe langu.

Jana mchana tulipokuwa tukifunga sanduku uliniuliza, "Baba, ikinirudia je?"

Nikakujibu kwamba kamba ya katani hukaza vizuri zaidi ikiloweshwa.

Ukanitazama, ukaenda kuleta maji. Tangu hapo sina raha. Mimi niliyewajibu mabwana shauri wa wilaya hii, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakaomba uhamisho, nimeulizwa swali la maneno matatu na binti yangu nikajificha nyuma ya kamba. Barua hii ni jibu lako. Ila sijui kulifikia kwa njia ya mkato, kwa hiyo nivumilie nipitie kwanza kwa mama yako.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikaa chini ya meza yangu barazani? Nilikuwa nimefukuzwa ualimu kwa ubishi, nikanunua taipu kuukuu, nikawa nawaandikia watu malalamiko yao: manamba wa mashamba ya mkonge waliokatwa posho, wavuvi waliotozwa ushuru wa samaki waliokwisha kuoza, wajane walionyang'anywa minazi. Kila nilipofika mwisho wa mstari kengele ya taipu ililia, na wewe chini ya meza uliitikia, "Ngii!" Wateja walicheka wakasahau kwamba wamekuja kulia. Mama yako alikuwa akitoka uani, mikono imejaa chicha za nazi, kandambili ya mguu wa kushoto akiiburuta kama kawaida yake, akasimama mlangoni.

"Bwana Taipu, umeshamtukana nani leo?"

"Bwana DC."

"Basi njoo ule kwanza. Usije ukafungwa na njaa yako."

Makala zangu zilipotoka kwenye gazeti alikufanya umsomee mwanzo mpaka mwisho. Alisikiliza kwa makini, akasifu pale palipostahili sifa, kisha akachukua gazeti lile lile akafungia vitumbua vya majirani. "Leo watakula hoja zako zikiwa moto," alikuwa akisema. Nilikuwa nikikasirika. Siku hizi makala zangu zinabaki safi, hazina hata doa la mafuta, na sijui nizipeleke wapi.

Nilisoma sana, nawe wajua. Vitabu vya Kiingereza nilivinunua kwa Mhindi wa dukani aliyekuwa akiviuza kwa mizani kama sukari ili watu wafungie karanga. Kutoka humo nilipata silaha, na kwa silaha hizo nikapigana na kila kitu kilichosimama mbele yangu. Niliandika kwamba mtoto wa kike asome, na watu wa mji huu wakanikatia salamu. Kwa hilo sijuti, maana ndilo linalokupeleka melini kesho. Niliandika kuwapinga waganga wa pepo. Niliandika kuyapinga makombe anayopenda shangazi yako, yale maandishi ya zafarani yanayooshwa sahanini yakanywewa kama dawa. Na mwaka ule kabla ya msiba wetu niliandika kuupinga utani, hasa utani wa msibani. Niliuita ushenzi uliovaa kicheko.

Sasa hapo ndipo pananichoma. Sisi Wamwera na Wangoni ni watani tangu babu zao waliposhuka na mikuki kuja kuwateka babu zetu. Vita vilikwisha, matusi yakabaki, yakageuka undugu. Mngoni akikutana nami njiani ataniita mtumwa wake, nami nitamwambia babu yake alikimbia akaacha ngao. Atachukua kofia yangu asinirudishie mpaka nimpe kitu, na sina pa kumshitaki. Na nikifiwa yeye ndiye atakayekuja mbele. Atashika jembe la kaburi, atapika, atamwigiza marehemu alivyotembea na alivyosema, mpaka wafiwa wacheke, na katika kucheka wafunguke walie.

Mtani wetu alikuwa Mama Komba. Mumewe aliletwa kutoka Songea kuja kukata mkonge, akafia huku, naye akabaki anauza maharage na vyungu sokoni. Mama yako alimpenda kuliko ndugu. Siku ile homa ilipomchukua mama yako, Mama Komba alifika amefunga kanga kiunoni, tayari kwa kazi yake. Alianza pale mlangoni, akaburuta kandambili ya kushoto. Watu waligeuza nyuso. Nawe, uliyekuwa umekaa kwenye jamvi umekauka kama ukuni, niliona midomo yako inatikisika.

Nikamfukuza. Mbele ya watu wote nilisimama nikasema, "Hapa ni nyumbani kwa mtu aliyeandika, na alichoandika ndicho atakachofuata. Toka." Wanawake walitaka kuomboleza nikawakataza pia, nikawaambia subira. Ilikuwa maziko ya heshima kabisa, kimya kama ofisini. Nilijisifu kwa hilo. Mama Komba alipofika barabarani aligeuka, akaniambia neno moja tu lisilokuwa la mzaha: "Umemfunga mdomo huyu mtoto, mtumwa wangu. Utaufungua wewe?"

Sikuufungua. Sikujua hata kama umefungwa. Nilikuona unaanza kulala kwenye mkeka wa mama yako, nikasema ni mapenzi. Uliacha kusuka nywele, nikasema umekuwa mtu wa vitabu. Ulikwenda kisimani ukakaa pale na ndoo tupu mpaka mtu akufuate, nikasema ni uvivu. Shuleni walikusifu kwa utulivu! Nikafurahi. Unaona jinsi mtu msomi anavyoweza kuwa na jina zuri kwa kila kitu.

Kisha ukaja barazani asubuhi moja, hapakuwa na mteja. Ulikuwa umekwisha kuwa mkubwa, kichwa chako kinafika begani pangu. Ukasema, "Baba, naomba unipeleke hospitali ya misheni, kule mbele ya Mtama. Wanasema yuko Sista anayepokea watu waliochoka moyo. Naumwa."

"Unaumwa wapi?"

"Sijui pa kuonyesha."

"Ugonjwa usiokuwa na mahali si ugonjwa," nilisema.

Nakumbuka jinsi ulivyojaribu. Ulisema usiku hulali. Nikasema usinywe chai jioni. Ulisema chakula hakina ladha, kama unatafuna pamba. Nikasema utakula ukiona njaa. Ulisema, "Baba, mara nyingine naona afadhali nisingekuwapo." Hapo ndipo baba mwingine yeyote angeondoa mikono kwenye taipu. Mimi nilikuhutubia. Nilisema wamisheni watakubatiza. Nilisema Serikali ya Mwingereza ikikuandika mwendawazimu itakuchukua mpaka Dodoma, nyuma ya lango la chuma, kwa sababu wakoloni humwita mwendawazimu yeyote asiyewanyenyekea. Nilitoa mifano, nikataja vitabu. Ukanyamaza, nami nikadhani nimeshinda hoja.

Nikuambie sasa lililokuwa chini ya hoja zile. Juu ya lango la chuma sikusema uongo. Liko, na wapo walioingia wasitoke. Lakini sicho nilichokuwa nakiogopa asubuhi ile. Niliogopa barabara nzima kusema, "Mtoto wa Bwana Taipu ana wazimu." Niliogopa maadui zangu. Nilikuwa nao wengi, nimewatengeneza mwenyewe kwa jasho langu, na nikawaona wote wanakaa barazani kwao wanacheka. Nikaona bora unyamaze ndani kuliko uende kupona mahali watakapokuona.

Shangazi yako alitaka upigiwe ngoma ya pepo, nikamkatalia. Akataka kombe, nikavunja sahani. Kila mlango nilioukuta wazi niliufunga mimi, na wa nyumba yangu mwenyewe sikuwa na ufunguo wake.

Ndipo ikaja ile Ijumaa. Unaijua, lakini unaijua kwa upande wako. Mimi nakupa upande wangu. Baraza lilikuwa limejaa. Nilikuwa nachapa malalamiko ya watu wa Rutamba juu ya njia yao ya kwenda mtoni, wazee wao wamekaa kwenye benchi wakinisikiliza nikisoma. Mama Komba akatokea kona ya soko, kapu kichwani. Tangu msiba hakuwa amekanyaga pale.

"Shikamoo nisikupe, maana mtumwa haamkiwi," alisema. "Hujambo, mtumwa wangu?"

Nikaendelea kuchapa.

"Ai! Amekuwa Mzungu. Bibi yake alikuwa na ndonya mdomoni pana kama sahani ya kupoozea uji, leo yeye hajibu salamu!"

Wazee wa Rutamba walicheka mpaka mmoja akashika mbavu. Wote Wamwera, bibi zao wote walitobolewa mdomo wa juu wakavaa ndonya, na wanacheka! Nikasema, "Babu yako aliacha ngao akakimbia na kibwebwe," kwa sababu ulimi ulinitoka kabla sijaukamata. Basi nikawa nimekwisha. Mtu akijibu utani ameuingia.

Wakati huo wewe ulitoka ndani na furushi mkononi. Nilidhani ni nguo za kufua. Mama Komba akakushika mkono, akapaza sauti ili soko zima lisikie: "Haya jamani, mshuhudie! Nimemteka huyu. Kama babu zangu walivyowateka bibi zake. Baba yake akimtaka, aje kumkomboa."

"Mwache mtoto," nilisema.

"Kwa fidia."

"Fidia gani?"

"Kuku mmoja. Uje naye mwenyewe kwa miguu yako, umembeba kichwani kama mwanamke anayetoka sokoni. Nitakuwa hospitali ya misheni, namweka mateka huko huko."

Nilisimama. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kuita askari. Mzee mmoja wa Rutamba akanivuta kanzu, akaniambia kwa upole, huku machozi ya kicheko yanamtoka, "Kaa chini, Bwana Taipu. Utani hauna kesi." Na kweli. Ningefanya nini? Ningekwenda kwa Bwana DC niliyemtukana juzi, nimwambie nimetekewa mwanangu na muuza maharage? Lori la Mtama lilikuwa linanguruma pale pale. Uliponitazama kutoka juu ya magunia, niliona uso wako, Somoe. Haukuwa unacheka. Ulikuwa unaomba.

Nami nikakaa nikamaliza malalamiko ya njia ya mtoni.

Kisha nikafanya ujinga mkubwa kuliko wote. Badala ya kukufuata niliandika makala. "Utani ni Utekaji." Gazeti likaichapa ukurasa wa mbele kwa kuwa ilikuwa kali na ya kuchekesha, ingawa sikukusudia kuchekesha. Watu walinisomea vipande vyake mtaani. Hapakuwa na mtu ndani wa kuifungia vitumbua. Nikaiweka mezani, nikawa naitazama, na kengele ya taipu ilipolia niligundua natega sikio chini ya meza.

Nilinunua kuku asubuhi iliyofuata.

Lori lilinishusha Mtama, na kutoka hapo nilikwenda kwa miguu, tenga kichwani. Wanawake waliotoka mashambani waliniamkia wakaniuliza kama mke wangu amevunjika shingo. Yule kuku alinichafulia kofia yangu ya viua, ile mama yako aliyoidarizi. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba ya kumpa Sista.

Nilimkuta mlangoni, mwanamke mzee wa Kizungu, Kiswahili chake kina lafudhi ya Kimwera kuliko changu. "Wewe ndiye baba mwenye kelele?" akauliza.

"Sista, sikumleta mwanangu hapa abatizwe."

"Maji yenyewe hayatoshi kufulia mashuka," akasema.

"Wala asiandikwe mwendawazimu."

"Ameandikwa Somoe. Usiku analala sasa, kwa dawa. Wewe unalala?"

Nikalisawazisha tenga kichwani. Akanionyesha kwa kidole banda la kupikia lililo nyuma, na akanionya nisipige kelele, wagonjwa wamepumzika.

Ulikuwa umekaa kwenye banda ambamo ndugu za wagonjwa hupika. Ulikuwa unachambua mchicha. Umekonda, lakini nywele zilikuwa zimesukwa. Mama Komba akakung'uta kijiko kwenye chungu, akanitazama toka kofia mpaka viatu.

"Umechelewa, mtumwa. Fidia imefika hai?"

Nikaweka tenga chini. Akamtoa kuku, akampima uzito kwa mkono kama mnunuzi mkorofi, akamwachia. Kisha akafunga kanga yake upya, akaifunga ubavuni kama alivyofunga mama yako, akaanza kutembea kwenye ua ule wa misheni. Kandambili ya kushoto inaburuta, shaa, shaa, shaa. Akamkemea kuku kwa sauti ya mama yako. Akaja akasimama mbele yangu, mkono kiunoni.

"Bwana Taipu, umeshamtukana nani leo?"

Wewe ulicheka kwanza. Sauti ilikutoka ghafla mpaka mwenyewe ukashtuka ukaziba mdomo. Halafu ukalia. Sijapata kusikia kilio kama kile, na nimekaa na wajane miaka mingi. Mama Komba hakuacha, alizidi kuburuta kandambili kukuzunguka, naye machozi yanamtiririka, na mimi pale nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, kofia ina kinyesi cha kuku, nilimlilia mke wangu kwa mara ya kwanza tangu nimzike. Sista alitoka kuja kutukemea. Akatutazama, akarudi ndani.

Sitaki uondoke na hadithi tamu, kana kwamba kicheko kile kilikuponya. Ulikaa pale mpaka korosho zikaanza kuanguka. Zilikuwapo siku ambazo hukuweza kuinuka kitandani, na siku ambazo nilikuja kukuona ukageukia ukutani. Ulimeza vidonge vya Sista, ulikwenda naye bustanini kila alasiri mkazungumza, na mliyozungumza hukuniambia mpaka leo. Huuma kidogo. Lakini sitauliza, ni mali yako.

Jambo moja nililijua mwaka jana tu. Nilimtania Mama Komba sokoni kwamba wizi wake ule ulikuwa wa kijinga, eti kumteka mtoto mchana kweupe mbele ya mashahidi. Akacheka, akasema, "Wangu? Mtumwa wangu, hukujua? Binti yako alinijia mwenyewe hapa, kwenye vyungu hivi. Akaniambia, 'Mama, baba hakubali, na sitaki kutoroka kama mwizi. Wewe ni mtani. Nichukue mbele yake, asiweze kukataa.' Mimi nilitia matusi tu."

Nilirudi nyumbani nikitembea polepole. Kwa hiyo ulikuwa umezama mahali pale peusi, chakula ni pamba, na bado ulipata akili ya kunitafutia mtego ambao singeweza kuujibu, tena ulionilindia heshima yangu. Nilijivuna, nikaona haya, vikaja pamoja. Ubishi huo umeurithi kwangu, ila umeutumia vizuri kuliko mimi.

Basi hili ndilo jibu. Ikikurudia, nenda. Usiniandikie kuomba ruhusa. Meli ya barua ni ya polepole na baba yako ni mbishi, huenda siku hiyo nikawa nimesoma kitabu kipya. Mtafute daktari wa huko, au Sista, au mwuguzi, hata kama chuo kizima kitakuona ukipita mlangoni pake. Wakisema binti wa Bwana Taipu ana wazimu, waache waseme. Nimewapa watu wa pwani hii mambo mengi ya kusema kuhusu nyumba yetu, na hilo ndilo pekee litakalokuwa na faida. Na usiku ukiwa mrefu mno, usingoje kupambazuke. Mwamshe mtu. Mwambie lile neno uliloniambia barazani, umwambie kama lilivyo. Mtu akikuhutubia, mwache hapo hapo umwamshe mwingine.

Mama Komba ana mpwa wake huko Dar es Salaam, mke wa fundi seremala. Amekwisha kumpelekea habari kwamba mateka wake anakuja na haki ya kumteka tena imehifadhiwa. Kesho asubuhi atakuja gatini kukuaga. Atanitukana mbele ya makuli na abiria, na safari hii nitamjibu kwa sauti. Nimemnunulia kuku. Nitambeba mimi, kichwani, kutoka hapa mpaka gatini, na nimevaa ile kofia. Doa halijatoka na sitaki litoke.

Umeacha kuimba. Nadhani umemaliza kukunja.

Nenda, mama. Uniandikie ya masomo, ya chakula, ya watu uliobishana nao. Na siku ukiniandikia kwamba unaumwa, sitakuuliza wapi.

Baba yako